Mzigo wa Upande wa Pili

Fundi alijumlisha mara ya tatu, na mara ya tatu jibu likawa lilelile. Birika la umeme, wati elfu mbili. Pasi, elfu moja. Jokofu, mia moja na hamsini. Ukigawanya kwa volti mia mbili na thelathini, hazifiki ampea kumi na nne. Breka ya jikoni kwa mama yake ilikuwa ya kumi na sita. Sasa mbona inaanguka karibu kila asubuhi?

“Labda hesabu zimekutoka kichwani,” alisema mama yake, gauni lililopigwa pasi nusu likining’inia mkononi. “Marehemu baba yako angekuwa ameshamaliza.”

“Waya hizi kazifunga yeye, mama. Na hesabu kanifundisha yeye.”

Alichomoa kila kitu, hata jokofu, akabana kipimo cha umeme kwenye waya wa jikoni, pale kwenye boksi la breka. Sifuri. Kabla hajashusha pumzi, namba zikaruka: tisa na nusu.

“Mama, umewasha nini?”

“Niwashe nini, nami nimesimama hapa kama mlingoti?”

Dakika nne baadaye, sifuri tena. Fundi akabadilisha betri ya kipimo, akakifuta kwa kanga, akapima upya. Akapiga hesabu: ampea tisa na nusu ni kama wati elfu mbili na mia mbili. Huo ni mzigo wa birika. Lakini birika lenyewe liko mezani, limechomolewa, la baridi. Miaka kumi na moja ya kazi, na nyumba ya kwao inamfanya mwanagenzi!

Akafungua soketi moja baada ya nyingine. Nyuma ya jokofu akakuta waya mmoja wa ziada, umepitishwa kwenye tundu la ukutani kwenda upande wa pili. Huko aliishi baba yake mdogo. Nyumba ilikuwa moja, ila kila upande una mita yake, na ndugu hao wawili, yeye na baba wa fundi, walinuniana mpaka mmoja akazikwa.

Baba mdogo alifungua mlango, kikombe cha chai mkononi. Fundi alipomuuliza, hakukana.

“Waya za kona hii ziliungua. Baba yako akaja na drili. Hakunisalimia, sikumsalimia. Akatoboa, akafunga soketi, akaenda zake.”

“Lini?”

“Mwaka mmoja kabla hajafa.”

“Na wewe hukuuliza umeme unatoka wapi?”

“Ningemuuliza vipi, na hatuongei?”

Fundi alirudi akamweleza mama yake. Mama akakaa kwenye kigoda, akasimama, akakaa tena.

“Huyuhuyu aliyenikataza nisiwape hata kiberiti?”

“Huyohuyo.”

“Basi walipatana?”

“Anasema hapana.”

“Sasa mtu unamfungia umeme na bado umemnunia?” Mama aliutazama ukuta kama vile ungejibu. Fundi alishika koleo, akauliza kama aukate waya ule.

“Ngoja kwanza.”

Mama hakutaka ukatwe. Mwishowe fundi akavuta waya mpya mpaka kwenye boksi, akaupa upande ule breka yake peke yake. Mama alimshikia tochi muda wote, kisha akauliza kwa sauti ya chini, “Shemeji alikuwa anakunywa chai? Ya rangi au ya maziwa?”

Fundi hakuwa ameangalia.