Mzunguko Uliponyamaza

Mimi hiyo bustani siipendi wala sitaipenda, na mtu asinipigie hadithi za hewa safi. Hewa chafu tuliivuta miaka yote na bado tupo. Mbele ya nyumba yetu palikuwa na mzunguko wa magari: malori, mabasi, pikipiki, honi tangu alfajiri, kelele mpaka vikombe vinatetemeka kabatini. Nguo za watu nilizipiga pasi madirisha yamefungwa, moshi usije ukazichafua. Karaha tupu, lakini karaha niliyoijua. Nilijua pa kusimama.

Mdogo wangu haoni. Surua ilimpofusha akiwa mtoto. Anakanda unga kwenye duka la mikate ng'ambo ya pili, na mkandaji kama yeye hakuna. Hata mwenye duka, bahili wa sifa, anakubali. Kila asubuhi alikuwa anakunjua fimbo yake nyeupe na kuvuka peke yake. Ndivyo alivyojua yeye, na ndivyo walivyojua majirani. Wakamsifu: mwanamume yule bwana, anavuka pale ambapo wenye macho yao wanasitasita. Ukiona vyaelea, ujue vimeundwa. Nyuma yake nilikuwepo mimi.

Nilimfuata kila siku, hatua chache nyuma, pasi nimeiacha inapoa. Alipofika ukingoni mwa barabara, mimi nilikuwa nimeshaingia katikati, nimenyoosha mkono mbele ya lori, namkodolea macho dereva mpaka akanyage breki. Pikipiki ikiegeshwa njiani, naisukuma pembeni. Jioni anarudi, anavua viatu, ananiambia, dada, madereva wa mji huu wana utu, wakiniona tu wanasimama. Utu wapi! Nilikuwa namwekea chai nanyamaza. Mtu akifurahia miguu yake mwenyewe, umnyang'anye ya nini? Na kwa kelele zile, hata ningemfuata na ngoma asingenisikia.

Kisha akatujia mtaalamu wa mipango miji, kijana mpole kupita kiasi, tukampachika jina la Bwana Nyasi. Alisema magari yatapitia nje, hapa patakuwa mahali pa watu. Sisi tuliokuwa tunaishi hapo tulikuwa nini, mbuzi? Wakavunja lami. Wakaleta udongo, vijiti viwili kwa kila mti mwembamba, mabenchi, na njia za kokoto. Siku ya kufungua watu walizagaa katikati wanacheka ovyo. Mimi kichwa kiliniuma kwa ule ukimya.

Asubuhi iliyofuata nikamfuata kama kawaida. Kokoto zikalia chini ya viatu vyangu. Akasimama, nikasimama. Akaenda, nikaenda. Sikulitia jambo hilo moyoni. Nilidhani anatafuta njia, maana ule ukingo aliozoea kuugusa kwa fimbo walikuwa wameung'oa. Tangu siku hiyo nyumbani hakukaliki. Mara chai imezidi sukari, mara shati halikunyooka, mara namhoji kama polisi. Na kila asubuhi akazidi kuongeza mwendo, mpaka siku moja akaiacha njia kabisa, akakata kwenye maua, akajikwaa, akauangukia mkono. Kifundo kikavunjika. Nilimwinua nikamwambia nimemwona kutoka dirishani.

Mkandaji bila mkono ni nini? Mwenye duka alisema atamngojea, lakini kungojea kwenyewe kwa nusu mdomo, na mtu mwingine alikuwa ameshawekwa pale kwenye meza ya unga. Nikasema basi, iwe vita. Nilipita nyumba kwa nyumba. Nilimtolea uvivu Bwana Nyasi mlangoni mwa ofisi yake, mbele ya wenzake. Akaniita mama. Nikamwambia sijakuzaa, na ningekuzaa ningejuta. Mwishowe akaitisha mkutano, na kwa jeuri yake akaufanyia humo humo bustanini, viti juu ya nyasi.

Nilimpeleka mdogo wangu na bandeji yake, nikamkalisha mbele. Alikuja bila ubishi, nikajua yuko upande wangu. Nikasimama nikayasema yote. Kwamba asiyeona huvuka kwa masikio. Kwamba kelele zile ndizo zilizokuwa zikimwonyesha njia, na wao wamezifuta. Kwamba miaka yote alivuka mwenyewe, salama salimini, hadi walipoleta maua yao. Nikauinua mkono wake uliofungwa ili kila mtu auone. Watu wakaguna, mwanamke mmoja akajifuta machozi. Nikadai magari yarudi. Nilikuwa nimeshinda, naapa. Bwana Nyasi uso ulikuwa umemshuka.

Ndipo akamgeukia mdogo wangu, akamuuliza yeye mwenyewe anataka nini.

"Mimi sina ugomvi na bustani," mdogo wangu alisema. "Huu mkono niliuvunja nikimkimbia dada."

Nikacheka. Nikawaambia ana maumivu, hajui asemalo.

"Siku ya kwanza tu nilisikia viatu vyake nyuma yangu," akaendelea. "Nikadhani ameanza siku hiyo, ana wasiwasi na mahali papya. Nikangoja aniambie. Halafu nikawakumbuka wale madereva." Akanigeuzia uso. "Wale waliokuwa wakinisimamia. Ulikuwa wewe, siyo? Tangu lini, dada?"

Watu wote wakanigeukia. Hasira zikanipanda. Nikamjibu hapo hapo: tangu siku ya kwanza. Na bila mimi ungeshazikwa zamani, usingekuwa na mkono wa kuvunja. Nilisema hivyo, ni kweli, na hata leo ningesema tena.

"Huenda," alisema. "Lakini mimi nilikuwa najiona mtu anayevuka."

Akainuka, akaikunjua fimbo kwa mkono wa kushoto, ule asiouzoea, akashika njia ya kwenda dukani ingawa siku hiyo hakuwa na kazi huko. Alikwenda upande. Nililiona benchi lililokuwa mbele yake, nikaona na fimbo inavyopita chini yake bila kugusa kitu. Mguu wangu ukatoka wenyewe. Kokoto zikalia.

Akasimama. Hakugeuka. Aliinamisha kichwa tu, akangoja.

Sauti nilikuwa nayo. Miguu nilikuwa nayo. Na watu wote wale wananitazama mimi, siyo yeye. Sikusogea. Alingoja muda mrefu, mpaka akaridhika kwamba simfuati, kisha akapiga hatua, akaligonga benchi kwa goti. Nilimsikia akitukana. Akalipapasa ubavuni mpaka mwisho wake, akalizunguka, akaenda zake.