Mfuniko wa Mzee Stoo

Ufunguo ulikatika saa mbili na dakika kumi asubuhi, mbele ya pampu ya mafuta, huku magari matatu nyuma yakipiga honi. Nusu yake ilibaki mkononi mwa Mzee Stoo. Nusu nyingine ilibaki ndani ya mfuniko wa tangi, imezama kiasi kwamba hata ukucha haukuweza kuishika.

"Umekatika," alisema Mzee Stoo, kana kwamba mkewe hana macho.

Mkewe, ambaye wateja wake wa cherehani humwita Mama Pindo, alikuwa kwenye kiti cha dereva, mkanda ameufunga, gauni jipya alilolishona kwa ajili ya siku hiyo limenyooka kama karatasi. Saa nne kamili alitakiwa awe mbele ya mtahini wa udereva, kwa mara ya nne. Mara ya kwanza alipanda ukingo wa barabara. Mara ya pili, akiwa na gari la kuazima, alitafuta taa akawasha vipangusio, na mvua haikuwepo. Mara ya tatu aliendesha vizuri hadi mwisho, kisha kwa furaha akaachia usukani ampe mtahini mikono yote miwili, na gari lilikuwa bado halijasimama. Akikosa leo, anaanza upya masomo na mtihani wa maandishi, halafu asubiri miezi saba. Na mshale wa mafuta ulikuwa umelala fofofo chini ya mstari mwekundu.

Lazima umjue kidogo huyu Mzee Stoo. Alitunza stoo ya kiwanda kwa miaka thelathini na mmoja, na siku aliyostaafu alirudi nyumbani na ugonjwa wa kufunga. Jokofu lina kufuli. Sanduku la viatu lina kufuli. Gari ndiyo usiseme: usukani una chuma chake, tairi la akiba lina mnyororo, na tangi alilinunulia mfuniko wa ufunguo baada ya kusikia kwamba mtu fulani mtaa wa pili ameibiwa mafuta. Tena hafungi kama binadamu wengine. Anazungusha mfuniko mpaka ulie mara tatu, kisha anaongeza mikazo miwili anayoiita "ya usalama", meno yakiwa yameumana.

"Basi tuahirishe," alisema sasa, tena kwa uchangamfu. "Mungu hajapenda."

"Mungu hana ufunguo wa gari hili," alijibu Mama Pindo akifungua mkanda. "Mpigie fundi wa kufuli."

Walilisukuma gari pembeni, karibu na mashine ya kujazia upepo. Mama Pindo alisukuma akicheka. Ndivyo alivyoumbwa: mambo yakimwendea kombo, kicheko kinampanda, na kikishapanda hakina breki. Mhudumu wa pampu alimwona akaanza kucheka naye bila kujua wanacheka nini.

Fundi wa kufuli alifika kwa pikipiki, mtu mnene mwenye vidole vyembamba visivyo vyake. Alipiga magoti, akamulika tundu la ufunguo kwa kurunzi, akanusa.

"Nani anatia mafuta humu?"

"Mimi," alisema Mzee Stoo kwa fahari. "Kila Jumamosi. Kufuli halitakiwi kukaa kavu."

"Mafuta gani, mzee?"

Mzee Stoo alitazama pikipiki. Alitazama mbingu. "Ya nazi," alisema mwishowe, kwa sauti ndogo.

"Mafuta yangu ya nywele!" Mama Pindo alipiga yowe. Miezi sita nzima alikuwa akimshuku mkwe wake, mke wa mwanawe mkubwa, ambaye kila Jumapili huja kuwasalimia nywele zikimeta. Alishamnunia mwenzake bure mara ngapi!

Fundi alicheka mpaka akaegemea tairi. Alipopata pumzi akaeleza kwamba mafuta ya nywele hukamata vumbi, yakikaa yanakuwa gundi, na ufunguo unaonyongwa ndani ya gundi kila siku lazima siku moja ukate tamaa. Akapuliza dawa ya kusafishia, akafuta, akapuliza tena, na kitambaa kikawa cheusi tii. Kisha akaingiza waya kuvuta kile kipande. Uliteleza. Akajaribu mwingine, ukawa mnene mno.

"Ningepata kitu chembamba sana chenye ndoano..." alisema.

Mama Pindo alikuwa ameshamwaga mkoba wake juu ya boneti. Zilitoka chaki, futi ya kamba, vifungo, na sindano yake ya kufumia lesi, ile nyembamba yenye kichwa kilichopinda.

"Sogea, fundi. Mimi nimeshatoa nyuzi ndani ya cherehani umeme ukiwa umekatika."

Alishusha pumzi, akaipitisha sindano ubavuni mwa kipande mpaka ndoano ikakamata jino la ufunguo, akavuta taratibu. Kikatoka! Mhudumu wa pampu alipiga makofi. Fundi alikifuta kipande, akakirudisha kikiwa kimenyooka safari hii, akakisukuma kwa ncha ya bisibisi na kuzungusha. Tak! Kufuli likaachia, na saa ilikuwa tatu na robo.

Ila mfuniko wenyewe haukusogea. Fundi aliuzungusha mpaka shingo ikavimba. Mhudumu akajaribu. Dereva wa lori aliyekuja kujaza upepo akajaribu, akaondoka akitikisa vidole. Koleo lingepasua shingo ya tangi. Wote wakageuka kumtazama Mzee Stoo, aliyekuwa anachunguza viatu vyake.

"Baba watoto, njoo ufungue. Wewe ndiye uliyefunga."

"Leo mikono inateleza."

Mama Pindo alimsogelea, na kicheko kikamtoka chote. "Hutaki nipate leseni."

Mzee Stoo aliinua macho kutoka kwenye viatu. "Miaka yote mimi ndiye ninayekupeleka," alisema. "Kununua vitambaa, kwa wateja, kwa dada yako. Stoo wameshaninyang'anya. Ukianza kujipeleka mwenyewe, mimi nitabaki na kazi gani?"

Mama Pindo alimwonea huruma, akamkasirikia pia, vyote kwa pamoja. "Kazi ya kukaa karibu nami," alisema. "Mimi nimekaa kile kiti cha pembeni miaka yote hiyo. Uliniona sina kazi?"

Mumewe alimtazama. Kisha akavua saa, akampa fundi aishike, akakunja mikono ya shati. Aliweka kiganja juu ya mfuniko, akaugandamiza kwanza ndani, meno yakaumana, akazungusha. Ukalia. Ukalia tena. Halafu tangi likashusha pumzi ndefu, pfuuu, na kituo kizima kikashangilia kama timu yao imefunga bao. Fundi alichimba kwenye kisanduku chake, akawapa mfuniko wa kawaida usio na ufunguo. Mafuta yalipokwisha kujazwa, Mzee Stoo aliufunga kwa vidole viwili tu, ingawa moyo ulimuuma.

Walifika zikiwa zimebaki dakika tano. Mtahini alikuwa mwanamke mwembamba asiyetabasamu. Alikaa, akafunga mkanda, akanusa.

"Mbona gari linanukia nazi?"

Mama Pindo aling'ata midomo yote miwili. Alipandisha mlima akicheka kimoyomoyo, akarudi kinyumenyume machozi yakimlengalenga, akaegesha katikati ya mistari bila kugusa kitu. Mikono haikuondoka kwenye usukani hata gari liliposimama. Mtahini aliandika kwa muda mrefu usio wa haki.

"Umefaulu, mama," alisema. "Lakini jipatie tiba ya hicho kicheko." Akashuka.

Mzee Stoo alimwona akipunga karatasi dirishani, akaja mbio kutoka kwenye benchi. Alifika mlango wa dereva, akaushika, akamkuta mkewe ndani. Akauachia, akazunguka gari, akaingia upande wa pili. Alifunga mkanda, asijue mikono aiweke wapi.

"Haya," alisema Mama Pindo akiwasha gari. "Unataka nikupeleke wapi?"

Mzee Stoo aligeuka kumtazama. Swali hilo ndilo alilomuuliza mkewe miaka yote. Yeye hakuna aliyewahi kumuuliza.

"Sijui," alisema, na uso wake wote ukafunguka. "Wewe endesha tu. Nikipaona nitakwambia."