Nani Alipanda Milingoti

Nguzo ya tatu ilikatika kwa mchwa Jumanne asubuhi, paa likalala upande juu ya kitanda cha watoto. Wegesa akawatoa, akaliegemeza kwa mchi, kisha akachukua panga akakate mlingoti mmoja, mkaratusi wa kujengea. Akakuta miti yote thelathini na minne imepigwa alama ya rangi nyekundu.

Miti hiyo aliipanda mwenyewe, kwenye mteremko wa mawe ambao ukoo ulimwachia kwa kuwa hata mtama uliukataa. Mumewe, Masatu, alikuwa chini ya maduara, yale mashimo ya Buhemba, akitafuta dhahabu. Wegesa alibeba maji yaliyooshewa vyombo, kikombe kimoja kwa kila mche, misimu miwili. Mwaka huu jua limechoma mihogo mpaka Butiama, milingoti imesimama. Majani yake ndiyo anayowafukizia watoto wakibanwa na mafua. Matawi makavu ndiyo kuni. Masatu alifukiwa na duara lililoshikiliwa na matimba mabovu, magogo ya kuzuia kuta, na sasa Yakobo, mdogo wake, ameiuza miti ikawe matimba.

Wegesa akampeleka barazani. Wazee hawakuuliza mengi. Waliuliza moja: nani alipanda?

Mlangoni Yakobo alikuwa amemnong'oneza aseme ni marehemu. Wegesa akalipima swali. Akisema Masatu, miti ni ya ukoo, yaani ya Yakobo. Akisema ni yeye, mwanamke hapandi mti kwenye ardhi ya ukoo. Mahindi sawa, maana yanang'olewa; mti unabaki na kudai ardhi. Kila jibu lilikuwa na shoka nyuma yake.

"Nilipanda mimi," akasema. "Yakobo alikuwaga anapita pale na ng'ombe, ananicheka. Ananiita mama wa mawe."

Mzee mmoja akacheka, akajifanya anakohoa.

"Shemeji, usitupotezee muda," Yakobo akasema. "Hata mtoto unamzaa wewe, lakini ni wa nani?"

"Akiugua ni wangu. Akishakua ndio anakuwaga wenu."

Katibu wa baraza aliandika kwa muda mrefu, kisha akamsogezea karatasi na kidau cha wino wa dole gumba. Wegesa akasema ana darasa la saba, atasoma kwanza. Akasoma polepole, kidole kikifuata mstari: mlalamikaji amekiri kwamba miti ilipandwa na marehemu Masatu. Akaokota kalamu mezani, akalikata jina lile, akaandika WEGESA, akikandamiza mpaka karatasi ikatoboka.

Katibu hakugomba. Akaichana, akaandika nyingine yenye maneno yaleyale ya kwanza. Huko mteremkoni msumeno wa mashine ukawaka, na baraza lilikuwa halijafungwa. Mti wa kwanza ukaanguka. Hakuna mzee aliyegeuza kichwa.

"Dole," Katibu akasema.

Wegesa akakunja ngumi, akaikalia.

Yakobo akainuka, akachovya dole lake kwenye wino, akalibandika pale pa sahihi, palipoandikwa jina la Wegesa.

"Dole ni dole," Katibu akasema, akapuliza wino ukauke.