Jozi Mia Tatu za Magongo

Usiku wa kuamkia leo niliota nimeingia katika soko alilolichunguza marehemu mume wangu.

Yonazi alikuwa seremala. Alitaka kuiuzia hospitali ya wilaya magongo ya kutembelea. Alichapishiwa orodha ya manunuzi ya serikali ya miaka sita, akaipitia kwa rula, mstari kwa mstari. Kila Juni hospitali ilinunua jozi mia tatu, kwa muuzaji yuleyule.

"Mama Tulizo, muuzaji ni mmoja tu," aliniambia. "Maana yake nafasi ipo."

Akapeleka sampuli, jozi moja, soli zake amezikata kwenye kandambili zangu za bluu. Hakujibiwa. Baadaye kisukari kikamla mguu, ukakatwa, na hospitali ileile ikasema magongo hayapo. Alikufa kabla hajapata nguvu ya kujichongea. Zabuni ya mwaka huu aliiacha imejazwa nusu. Inafungwa leo saa kumi jioni, na nililala sijui niipeleke au niichome.

Katika ndoto soko ni dogo, naingia kiubavu. Mlangoni amesimama namba Mia Tatu, amevaa kofia ya mgambo.

"Umewahi kuingia humu?"

"Hapana."

"Sharti anayeingia awe ameshaingia. Kwa miaka mitano."

"Sasa wa kwanza aliingiaje?"

"Wa kwanza alizaliwa humu." Ananitazama kitambaa cheusi kichwani. "Wewe ni mfiwa. Pita tu, wafiwa hatuwahesabu."

Ndani kuna meza moja na viti viwili. Bwana mwenye suti ameketi. "Nauza magongo," anasema. Anainuka, anazunguka meza, anaketi kiti cha pili. "Nanunua." Anatia saini, anajipa mkono.

"Hongera," anajiambia.

"Ahsante. Sisi tumezoeana."

Nilipogeuka, soko lilikuwa stoo ya hospitali. Magongo yanatoka mlango wa nyuma kwa mstari, yanazunguka jengo, yanaingia mlango wa mbele. Mia Tatu anayahesabu. Hayana watu. Watu wako nje kwenye benchi, kila mmoja na mguu mmoja. Mume wangu yumo. Ameshika kikaratasi namba mia tatu na moja.

Gongo moja linachomoka kwenye mstari.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wanijua?"

"Soli yangu ni kandambili yako."

"Mbona hukumwendea baba yako? Si huyo hapo, hatua kumi?"

"Mimi ni sampuli, mama. Sampuli haitumiwi. Nimeshanunuliwa mara mbili."

"Hujachoka?"

"Njia si ndefu. Kinachochosha ni kutembea bila mtu."

Kutoka kwenye benchi Yonazi ananiita, kwa sauti ileile ya siku ya rula.

"Mama Tulizo, muuzaji bado ni mmoja?"

"Ni mmoja, Baba Tulizo."

"Basi nafasi ipo."

Anakikunja kikaratasi chake vizuri, anakitia mfukoni.

Gongo likainua mguu, likaivua soli yake, likanitilia mkononi. "Kaa nayo, mama. Naitwa kwenye mstari."

Niliamka nimefumba ngumi. Nilipoifumbua, ndani mlikuwa na duara la kandambili ya bluu, lenye matundu mawili ya misumari. Siku Yonazi alipoligongomea nilimshikia gongo; duara lilikuwa nene kama kidole gumba. Sasa limelika upande mmoja, likiinuliwa dirishani mwanga unapita.

Nikakaa mezani, nikamalizia kuijaza ile zabuni. Palipoandikwa "sampuli ya bidhaa", nikalibandika hilo duara. Saa tisa na nusu bahasha ilikuwa ndani ya sanduku lao.