Njaa ya Waliochinja Kuku

Landrova ya wilayani ilikuwa imeshapinda kwenye minyaa, vumbi limesimama nyuma yake, ndipo Asnath alipojifunga kanga kiunoni akaanza kukimbia.

"Asnath! Rudi!" Mazengo, mumewe, mwenyekiti wa kijiji, alimwita kutoka barazani. "Unataka kutuvua nguo mbele ya wageni?"

Hakurudi. Alikuwa amemsikia yule bwana wa wilaya, Chrispin, akipanda gari huku anachokonoa meno, akimwambia dereva, "Watani zangu hawa! Wanalia njaa, na kuku wanachinja. Hapa hakuna njaa." Na Chrispin ndiye aliyetumwa kutazama kama kijiji hiki, chini kidogo ya Kilimatinde, kinastahili mahindi ya msaada.

Kumbe kuku mwenyewe aliondolewa juu ya mayai, anaatamia. Unga nao ulikuwa mbegu, uwele uliotundikwa juu ya moshi kungoja mvua. Nyumba hii konzi, nyumba ile konzi, ukasagwa kwa jiwe. Kwao mgeni lazima ale, hata kama mwenyeji amejifunga tumbo kwa kamba. Wazee walikaa kando wanatazama matonge yakipanda na kushuka, wakisema, "Kuleni, kuleni, sisi tumeshakula." Ndani, Loyce, mjukuu wa Asnath, alikuwa amelala, miguu imevimba, nywele zimekuwa za kutu. Bila yale mahindi, mtoto hafiki mvua. Asnath alilijua hilo kama anavyojua njia ya kisimani.

Gari lilikwama kwenye mchanga wa korongo. Akalifikia, pumzi juu juu.

"Shikamoo mama," Chrispin alisema. "Tumesahau kitu?"

"Marahaba. Mmesahau kuingia ndani, mwanangu. Mmekula mbegu yetu. Hakuna mwingine aliyekula leo."

Chrispin alicheka, kisha akaacha. "Sasa mbona hamkusema?"

"Tungesemaje, na wewe una tonge mkononi?"

Dereva akazima injini.

"Mama, nikwambie kweli. Mambo yamebadilika. Serikali haishiki mahindi kama zamani. Mahindi yapo, ghala pale stesheni Manyoni limejaa hadi madirishani, lakini ni ya watu. Soko huria. Mwenye fedha ananunua."

"Yapo?"

"Tele. Huko kusini wamevuna mpaka wamechoka."

Asnath alikaa chini, pale pale mchangani. "Mimi nilidhani ni mvua. Mvua sina pa kuishtaki. Lakini kama mahindi yapo, mwanangu, aliyetunyima ni nani?"

Chrispin alitazama vidole vyake, bado vinang'aa mafuta. "Nitawaambia wakubwa," alisema.

Na aliwaambia, tusimwonee. Wakamjibu, "Si umesema mwenyewe umekula kuku huko?" Mwaka uliofuata akahamishiwa mkoa mwingine.

Mahindi ya msaada yalikuja, machache, mvua ikiwa imeshaanza. Loyce alikuwa ameshazikwa nyuma ya zizi. Mvua ilikuwa nzuri sana mwaka ule, ila wengi hawakuwa na cha kupanda. Yale ya ghalani yalipakiwa kwenye mabehewa yakaenda penye bei. Mazengo aliacha uenyekiti, akaenda Itigi kuchoma mkaa, akafia huko. Dereva bado anaendesha. Asnath alihamia Kilimatinde kwa binti yake; jicho moja halioni.