Tyuni ya Nyumbani

Tang!

Kulikuwa bado giza. Sauti ilikuwa moja tu, nyembamba, kama kijiko kilichodondoka ndani ya glasi, kisha ukafuata mvumo mdogo uliokawia ukutani kabla ya kuzimika. Mama alifumbua macho, akabana pumzi. Panya? Panya gani anaimba? Akanyoosha mkono kumpapasa mwanawe, akamkuta fofofo, mguu mmoja nje ya shuka. Ndipo akakumbuka. Gitaa!

Aliwasha tochi ya simu. Gitaa lilikuwa pale pale lilipo siku zote, kwenye msumari juu ya kabati la vyombo, ila uzi wa tatu ulikuwa umekatika, unaning'inia umejikunja kama unywele wa kichwani. Hakuna aliyeugusa. Ulichoka wenyewe.

Alikaa chini sakafuni, akaziba mdomo kwa pindo la shuka ili mtoto asisikie.

Mwenye gitaa alikuwa mumewe. Rafiki zake walimwita Kushoto, kwa kuwa kila kitu alikifanya kwa mkono huo: kula, kuandika, kupiga gitaa, hata kumkanya mtu. Mwaka jana mvua zilipoanza alipanda ngazi kufunga taa za bango la duka, ngazi ikateleza, na aliyetoka nyumbani akipiga mluzi akarudishwa akiwa kimya. Jukwaani alikuwa akipiga gitaa la umeme la kikundi. Hili la mbao lilikuwa la nyumbani. Binti yake alipoanza kulirukia, alikaa nalo jioni nzima akizikaza nyuzi na kuzilegeza kwa namna anayoijua mwenyewe, mpaka ikawa mtoto akipitisha tu kiganja, bila kubonyeza chochote, linatoka jambo zima, tamu, limekamilika. Isipokuwa uzi mmoja kati ya sita ulikuwa haujakubaliana kabisa na wenzake. Ulikuwa kama unauliza swali.

"Huo umekosea," mkewe alimwambia.

"Haujakosea. Huo ndio unaokufanya utake kusikia tena."

Ukazaji huo wa nyuzi aliuita tyuni ya nyumbani. Hakumfundisha mtu, na hakuna aliyemwomba. Mtu akiwa hai unamwuliza amekula nini, umeme umelipiwa, shati lake liko wapi. Nani angemwuliza nyuzi zake amezikaza vipi?

Baada ya maziko mtoto akajizoesha lake. Kila jioni, akishanawa miguu, alinyanyuliwa mpaka kwenye ule msumari, akapitisha kiganja juu ya nyuzi, akasema, "Lala salama, baba," akashushwa. Zaidi ya hapo hakuna mkono uliogusa. Hata vumbi mama alilifuta kwa kuzungukia. Wifi yake alikuja siku moja akataka kulihamisha lisiwe linamkumbusha, akajibiwa kwa upole, "Wifi, hata wewe unanikumbusha. Nikuhamishe?"

Sasa uzi umekatika, na jioni ilikuwa inakuja.

Siku hiyo ilikuwa Jumamosi, akatoka mapema kwenye duka la dobi anakopiga pasi. Akalifunga gitaa kwa shuka safi, akalibeba mgongoni kama mtoto, na mtoto mwenyewe akamshika mkono, wakaenda kwa Fundi.

Fundi alikuwa akitengeneza amplifaya na spika kwenye chumba kimoja mwishoni mwa safu ya maduka. Chumba kilinuka risasi ya kuunganishia nyaya, na ukuta mzima ulijaa amplifaya zilizofunuliwa migongo, vijitaa vyake vya kioo vikiwaka rangi ya chungwa kama makaa. Jumamosi haikuwa siku ya kazi, ilikuwa siku ya ubishi. Yeye na Besi, kinyozi aliyepiga gitaa la besi kwenye kikundi chao, walifungulia santuri za zamani za roki na kugombana mpaka jua lizame. Zamani walikuwa watatu.

Mama aliwasikia kabla hajafika mlangoni.

"Hendrix alikuwa na moto, sikatai," Fundi alikuwa akisema. "Lakini Santana anakushikia noti moja tu, moja, mpaka jirani anakuja kukupa pole."

"Noti moja hata mwizi wa gitaa anaweza! Mimi nipe Deep Purple, watu wanaopanga noti nzito kama mawe ya ukuta."

"Wewe umezoea mashine ya kunyolea. Kitu kisipokoroma hukisikii."

"Na wewe spika zako zinakoroma zote, halafu unaita ufundi!"

Walipomwona, Besi alisimama kwa haraka mpaka kiti kikaanguka. "Shemeji! Karibu, karibu sana. Mtoto huyo? Ameota miguu ya twiga!"

"Shikamoo, baba mkubwa. Shikamoo, baba mdogo," mtoto alisema, macho kwenye vile vioo vinavyowaka.

Mama alilitua gitaa juu ya meza na kulifunua shuka. Besi alizima santuri. Tangu msiba hakuna kati yao wawili aliyekuwa ameliona.

"Uzi mmoja umekatika," alisema. "Nataka huo mmoja tu, shemeji."

"Huo mmoja," Fundi aliitikia, lakini alikuwa haangalii uzi. Alikuwa akipitisha kidole kwenye shingo ya gitaa, pale mbao ilipolika kwa kidole gumba cha rafiki yake. "Usiwe na shaka. Nitamtengenezea mtoto kama mwanangu."

Mtoto alivuta gauni la mama na kunong'ona. Choo cha maduka yale kilikuwa mwisho kabisa wa korido, na ufunguo alikaa nao fundi cherehani, na fundi cherehani alikuwa akimpima bibi harusi. Walingoja. Wakaenda, wakarudi, wakarudisha ufunguo, wakapongeza gauni.

Waliporudi, gitaa lilikuwa limelala mezani halina uzi hata mmoja. Mbao ilikuwa imepakwa mafuta, inang'aa kama mtu aliyetoka kuoga. Kando yake, nyuzi tano za zamani zilikuwa zimekatwa kwa koleo na kuviringishwa vizuri, zimefungwa kwa utepe. Fundi alikuwa akifuta macho kwa mgongo wa mkono, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyefanya jambo jema.

"Zilikuwa zimeota kutu, shemeji. Mpaka kijani. Zingemkata mtoto vidole. Na fundi yeyote atakuambia, huweki uzi mmoja mpya katikati ya vikongwe watano, atawaaibisha wenzake. Nimempa seti nzima, nzuri kuliko zote nilizonazo. Nilikuwa nimejiwekea mimi."

Mama aliitazama ile meza.

"Nilisema mmoja."

"Ndiyo, lakini..."

"Nilisema mmoja, shemeji."

Besi ndiye aliyeelewa kwanza. Alimgeukia mwenzake taratibu. "Ile tyuni yake ya nyumbani. Uliipima kabla hujakata?"

Fundi alilitazama koleo. Kuna kazi ambayo mkono hauulizi kichwa: akiletewa gitaa lenye nyuzi zilizochakaa, hulegeza, hukata, hufuta, hupaka mafuta. Ameifanya kwa magitaa yasiyo na idadi. Na hili, kwa kuwa alilipenda kuliko yote, alilifanyia kwa haraka kuliko yote.

"Ungeniambia, shemeji," alisema kwa sauti ya chini. "Ungeniambia tu."

"Ningekuambia nini? Kwamba mume wangu yumo humo ndani?"

Mtoto aliangalia kutoka uso mmoja hadi mwingine, kisha akaokota zile nyuzi kuukuu, akazivaa mkononi kama bangili.

"Tutaipata," Besi alisema, akavuta kiti. "Tunamjua. Yule alikuwa mtu wa Led Zeppelin, na wale nyuzi walizishusha walivyotaka. Lazima wa sita aliushusha."

"Tyuni ya mtoto unaishushia nini? Alipandisha," Fundi alisema, tayari anafunga nyuzi mpya. "Alinieleza habari za Keith Richards kutoa uzi mmoja kabisa na kubaki na tano. Alicheka siku nzima. Nyuzi zilie wazi, bila kubonyezwa, alisema, mengine yatajileta."

"Alikueleza wewe? Mimi nililala naye chumba kimoja kwenye safari zote!"

"Ulilala. Ndiyo maana hukusikia."

Kwa muda kidogo ikawa kama Jumamosi za zamani, na mama alijikuta akisikiliza kama mtu anayesikia hatua mlangoni. Pengine itapatikana. Hawa ndio watu waliolijua sikio lake la muziki.

Fundi alikaza, akapiga. Mtoto alitikisa kichwa.

"Siyo hii."

Akalegeza wa pili, akakaza wa tano. Akapiga.

"Siyo."

Besi akanyang'anya gitaa, akashusha wa sita mpaka ukalia kama mlango. Mtoto alicheka kidogo. "Siyo, baba mdogo!" Lakini walipojaribu mara nyingine, hakusema siyo. Alisema, "Kidogo." Na walipobadilisha tena, akasema tena, "Kidogo," kisha akainua macho na kumtazama mama usoni, kutafuta jibu huko.

Mama alifumba macho ili asikie vizuri. Alijirudisha nyumbani, mtoto kiunoni, msumari, kiganja kinapita. Uzi unaouliza swali. Ulikuwa juu zaidi, au chini? Alikuwa nao asubuhi hii, angeweza kuapa. Lakini kila sauti iliyotoka pale mezani ilikaa juu ya ile nyingine, kama fulana inayopigwa pasi juu ya picha yake mpaka picha ikaondoka na pasi.

"Shemeji," Fundi alisema bila kumtazama. "Kuna jambo lazima nikuambie. Nyuzi hulegea zenyewe. Joto, baridi, mkono wa mtoto kila siku. Uzi mmoja unalegea sana, mwingine kidogo. Mlichokuwa mkikisikia jana..." Alilisogeza koleo kando. "Hakikuwa tena kile alichokiacha. Kimekuwa kikiondoka polepole, na masikio yenu yakikifuata."

Besi alimkanyaga mguu chini ya meza, lakini neno lilikuwa limekwisha kutoka.

Mama aliinamisha kichwa. Hakulia. Alilifikiria hilo: kwamba jioni zote zile, akidhani wanamkuta palepale, walikuwa wakimsindikiza.

"Jaribu mara moja tu," alisema mwishowe. "Halafu basi."

Fundi alizikaza nyuzi sita polepole, moja baada ya nyingine, akizilazia sikio kama daktari kwenye kifua. Alipomaliza hakupiga mwenyewe. Alimpa mama. Kwa mara ya kwanza mama alilipakata gitaa lile mapajani, akastaajabu lilivyo jepesi kwa kitu kilichobeba mengi hivyo. Akapitisha kidole gumba.

Ilitoka sauti nzuri. Safi, mpya, ikajaa chumba kizima, na spika moja ukutani ikanguruma kuiitikia.

"Hiyo!" Besi alisema haraka. "Shemeji, hiyo hasa. Nywele zimenisimama."

"Ndiyo yenyewe," Fundi alisema. "Naapa ndiyo yenyewe."

Walimtazama. Macho yao yalikuwa yanamwomba, watu wazima wawili wenye ndevu, kama watoto waliovunja kikombe. Mama aliwaonea huruma. Akatabasamu kadiri alivyoweza.

"Nadhani ndiyo," alisema.

Mtoto alisogea, akauweka mkono wake juu ya nyuzi, zikanyamaza.

"Mimi nimesahau ilivyokuwa," alisema.