Penseli ya Asubuhi

Mke wangu alipofungwa bandeji macho baada ya upasuaji, daktari alimkataza gazeti, televisheni na kuinama. Mimi hakunikataza. Basi kibarua kikaniangukia, mke wangu akaagiza:

"Wewe mzee, miaka yote ya ufundi wa lifti umejaza uongo kuliko abiria. Kila asubuhi andika kidogo, unisomee na chai."

"Si nikusimulie tu?"

"Ukisimulia unageuza maneno njiani. Andika!"

Nikaandika. Kabla hajaamka nilikaa jikoni na kipenseli changu cha kazini, kile cha kuchomeka sikioni. Nilianza na lifti niliyoipaka grisi vizuri mno, ikapitiliza paa, abiria wakarudi viatu vimelowa mawingu. Alicheka hadi nikahofia nyuzi za macho zitakatika. Nikafuatisha ya bosi aliyehamia ndani ya lifti na kitanda chake, kwa kuwa ngazi zilimdharau.

Siku moja usingizi ukawa mtamu. Nilipoamka, maji ya chai yalikuwa bado baridi na karatasi tupu. Nikasema, mimi tena? Nikachemsha chai haraka, nikaishika karatasi ile, nikakohoa kisomi, nikaanza "kusoma" jinsi lifti ilivyoposa ngazi ikakataliwa kwa kupanda na kushuka hovyo. Nilikuwa moto kweli!

Akaweka kikombe chini.

"Hiyo karatasi haina kitu, baba watoto."

"Na bandeji hiyo umeonaje?"

"Humu gizani huwa naamshwa na penseli yako. Kwaru, kwaru, kimya, halafu unajichekea peke yako. Najua kumekucha na wewe upo. Leo sikusikia kitu. Nimelala nikisikiliza, nikadhani umeanguka huko jikoni."

Nikaikunja ile karatasi tupu, nikaitia mfukoni.

Tangu hapo sikukosa. Kichwa kikiwa kitupu niliandika "leo sina kitu, leo sina kitu," mpaka kitu chenyewe kikaona aibu kikaja.

Bandeji ikafunguliwa. Akanitazama weee.

"Mbona umezeeka hivi?"

"Uandishi huo, mama."

Kesho yake nikajua mkataba umekwisha, nikageukia ukutani nilale. Kiwiko kikanipata mbavuni.

"Fundi. Penseli."

"Si unaona sasa? Gazeti lile pale."

Akafumba macho kwa nguvu, mpaka pua ikakunjamana.

"Nani anaona?"

Nikaenda jikoni.